Walioachana 1976 warudi studio: uchambuzi wa albamu Present ya Van der Graaf Generator

Habari zenu watazamaji, karibuni tena kwenye chaneli. Leo mezani kwangu kuna CD mbili ndani ya jalada moja. Albamu inaitwa Present, ilitoka Aprili 2005, na bendi ni Van der Graaf Generator ya Uingereza. Wengine jina hili ndiyo mnalisikia leo. Wale mnaowajua mtaniuliza kwa nini nisichukue zile kazi zao za miaka ya 70 ambazo zinasifiwa kila kona. Nimechukua hii kwa sababu mnaniuliza kila mara: bendi ikivunjika, watu wakazeeka, halafu wakarudi studio, kuna haja ya kutoa hela yako?

Kwa hii nasema toa. Lakini sababu yangu nitaifikia polepole, maana haiko pale wanapoitafuta wengi. Watu wanasikiliza CD ya kwanza yenye nyimbo, ya pili wanaiacha ndani ya jalada. Mimi naona ya pili ndiyo inayokuonyesha kama hawa watu wamerudi kweli au wamekuja kupiga picha tu.

Tuanze na wao ni nani. Bendi ilianzia chuo kikuu cha Manchester mwaka 1967, ikaanzishwa na Peter Hammill na Chris Judge Smith. Smith aliondoka mapema. Kikosi kinachokumbukwa ni cha watu wanne: Hammill kwenye sauti, piano na gitaa, Hugh Banton kwenye ogani, Guy Evans kwenye drams, na David Jackson kwenye saksafoni na filimbi. Muziki wao unawekwa kwenye fungu la roki ya progresivu, ile roki yenye nyimbo ndefu zinazobadilika njiani, mapigo yanahama, mwimbaji anaanza kwa kunong'ona anamaliza kwa kupiga kelele. Mwaka 1971 walitoa albamu inaitwa Pawn Hearts, na upande mzima wa pili wa sahani ni wimbo mmoja, dakika 23, wa mtunza mnara wa taa aliye peke yake baharini, anaona meli zinaangamia na hana la kufanya. Kwao Uingereza haikuuza cha maana. Italia ikashika namba moja.

Sasa sikilizeni hapa, hasa ninyi mliokulia kwenye dansi. Masikio yetu tumezoea kutafuta gitaa: solo lile, rithimu lile, besi chini linatembea. Ukiingia kwa hawa jamaa na masikio hayo utapotea, kwa sababu gitaa la solo halipo. Mpiga besi naye, kwa sehemu kubwa ya maisha yao, hayupo. Besi inatoka kwenye miguu ya Banton, anakanyaga pedali za ogani huku mikono yake miwili iko juu inafanya kazi nyingine. Na nafasi ya solo kaichukua Jackson. Huyu bwana anaweka saksafoni mbili mdomoni kwa wakati mmoja, alto na tenori, anapuliza zote. Mtazame kwenye video za jukwaani, shingo inavyovimba, mkono mmoja kwa kila saksafoni. Sauti inayotoka ni nzito, ina makwaruzo, na inabeba uzito ambao bendi nyingine za roki zinauachia gitaa la umeme.

Bendi ilivunjika 1972. Uchovu wa ziara, hasa zile za Italia, na hela hakuna. Wakarudiana 1975, wakatoa Godbluff mwaka huo, halafu Still Life na World Record mwaka 1976. Na hapo, World Record, ndiyo mara ya mwisho hao wanne kurekodi albamu pamoja. Banton na Jackson wakaondoka, bendi ikaendelea kidogo na sura nyingine, ikafika 1978 ikaisha.

Halafu maisha. Sehemu hii naipenda, kwa sababu hawakukaa wakisubiri kurudi. Hammill aliendelea peke yake, albamu baada ya albamu, kazi zake binafsi ni nyingi kuliko za bendi. Banton akawa fundi wa kutengeneza ogani. Jackson akafundisha hesabu shuleni, baadaye akaingia kwenye kazi nzuri sana ya kuwasaidia watoto wenye ulemavu kupiga muziki kwa kutumia chombo kinachohisi mwendo wa mwili, yaani mtoto akisogeza mkono au kichwa, sauti inatoka. Evans akawa kwenye kundi la Echo City, wanaojenga viwanja vya watoto kuchezea ambapo vifaa vyenyewe ni vyombo vya muziki. Wote walikuwa na kazi yao, na walibaki marafiki. Huyu anapiga kwenye albamu ya yule, yule anajitokeza kwenye onyesho la huyu. Februari 2003 Hammill alikuwa na onyesho London, Queen Elizabeth Hall, na mwishoni wenzake watatu wakapanda jukwaani wakapiga naye wimbo Still Life.

Jambo lingine lililowasukuma ni misiba. Kwa miaka ile walikuwa wanakutana kwenye mazishi ya watu waliofanya nao kazi enzi za ziara, na ukishakutana na rafiki zako makaburini mara kadhaa, unaanza kuhesabu. Desemba 2003 Hammill mwenyewe akapata mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 55, ndiyo kwanza amemaliza kurekodi albamu yake ya Incoherence. Akapona. Februari 2004 wanne wako kwenye nyumba moja ya zamani kijijini Pyworthy, Devon, vyombo vimepangwa, mashine za kurekodi zinazunguka. Hawakutangaza kwa mtu. Kama isingetoka kitu, dunia isingejua.

Hilo la kutotangaza liwekeni akilini wakati wa kusikiliza. Bendi nyingi zinazorudi zinaanza na tarehe za maonyesho, tiketi zinauzwa, ndipo wanaingia studio kwa haraka kutafuta nyimbo mbili tatu za kuhalalisha safari. Unazisikia: wimbo mpya umevaa nguo za wimbo wa zamani, mpangilio uleule, kama wameogopa mashabiki watakasirika. Hawa walianza kwa kukaa chumbani na kupiga.

Haya, CD ya kwanza. Nyimbo sita, dakika 37 hivi. Inafunguka na Every Bloody Emperor, na kwangu huu ndio wimbo bora wa albamu. Ni wimbo wa watawala wanaojifunika maneno makubwa ya uhuru huku wanadanganya watu. Ukikumbuka ulirekodiwa 2004, vita vya Iraki vimepamba moto, utajua hasira inatoka wapi. Unaanza kwa upole, sauti ya Hammill iko karibu kabisa na wewe, anatamka kila neno kama mtu anayesoma mashtaka. Kisha ogani inapanda, drams zinaingia kwa nguvu, na kufikia katikati yule mtu mpole ameshakuwa mkali. Sauti yake imezeeka, hilo lazima niseme. Ile ya juu kabisa ya 1971 haipo. Lakini hajaribu kuifuata. Anaimba kwa sauti aliyonayo sasa, ina mchanga kidogo, na mashairi haya yanaihitaji sauti ya namna hiyo. Kijana wa miaka 22 asingeaminika nayo.

Boleas Panic ni utunzi wa Jackson, hauna maneno, saksafoni inaongea peke yake. Nutter Alert ni bendi ile ya zamani yenyewe, mapigo yanakatika ghafla, saksafoni na ogani zinakimbizana, wimbo unahusu yule mtu ambaye akianza kuongea unajua hapa mambo yameshaharibika. Abandon Ship! unazungumzia kuzeeka, na wanauzungumzia moja kwa moja bila kujionea huruma. In Babelsberg hapo ndipo Hammill anachukua gitaa la umeme na kulikwaruza, wimbo umejaa kumbukumbu za Ujerumani. Huo kwangu ndio dhaifu kuliko yote, unapiga kelele nyingi kuliko unachosema. Na On the Beach inafunga, tulivu, ina ladha ya jazi, inaishia kwenye mawimbi ya bahari.

Kwa upande wa ubora wa sauti, msitegemee ukumbi mkubwa unaovuma. Sauti ni kavu, karibu, kama uko nao mle chumbani. Drams za Evans ningependa ziwe na mwili zaidi. Kwenye spika ndogo zinapotea nyuma ya ogani. Tumia hedifoni nzuri, au spika zenye besi ya kutosha, vinginevyo miguu ya Banton hutaisikia na utadhani kuna kitu kimepungua.

Sasa CD ya pili, ambayo ndiyo hoja yangu. Vipande kumi, zaidi ya saa nzima, hakuna kuimba. Yote ni mambo waliyobuni papo hapo mle chumbani. Mmoja anaanza, wenzake wanafuata. Wakosoaji wengi waliandika kwamba ni kujazia, kwamba ingetosha CD moja. Naelewa wanachosema, kwa sababu kuna vipande vinavyozunguka bila kufika. Lakini hebu weka The Price of Admission, kile cha mwisho, au anza na Vulcan Meld kinachofungua. Sahau kutafuta wimbo. Msikilize Evans peke yake kwanza. Anapiga kidogo, anaacha. Anawasubiri. Kisha sikiliza Jackson anatupa kipande kifupi cha saksafoni, na Banton badala ya kukijibu papo hapo anakiacha kipite, anakuja kukigeuza baadaye akiwa amekiwekea kodi nyingine chini, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Watu waliokaa karibu miaka thelathini bila kuandaa albamu pamoja, na bado wanajuana kiasi cha kuacha nafasi. Hilo huwezi kulifanyia mazoezi kwa ajili ya ziara. Mwanamuziki anayeogopa kuonekana amechoka hujaza kila sekunde, na hawa hawajazi.

Ukishasikia hivyo, rudi CD ya kwanza. Utagundua Nutter Alert imetoka wapi. Ule mkato, ile kukimbizana, ni mazungumzo yaleyale ya CD ya pili, ila yamefupishwa na kutiwa maneno. Kwa hiyo ushauri wangu uko kinyume na mpangilio wao: siku ya kwanza chukua vipande vitatu au vinne vya CD ya pili, usiku umetulia, halafu ndipo uingie kwenye nyimbo. Na mimi nawaheshimu sana kwa kuzitoa zile rekodi. Wangeweza kuzificha, wakatupa dakika 37 zilizopigwa pasi tukabaki tunasifia. Wametuonyesha na kazi ilivyofanyika, pamoja na sehemu zilizolegea.

Mei 6, 2005, siku chache baada ya albamu kutoka, walipanda jukwaani Royal Festival Hall, London. Onyesho lile lilirekodiwa na kutolewa 2007 kwa jina la Real Time. Wapenzi walitoka mbali kuja kuona, wengine wakiwa wamekata tamaa zamani. Na ilikuwa vizuri walikwenda, kwa sababu baada ya ziara ya mwaka huo Jackson aliondoka. Waliobaki waliendelea watatu, wakatoa Trisector mwaka 2008, A Grounding in Numbers 2011, mpaka Do Not Disturb 2016. Zina mambo mazuri, Trisector hasa, lakini pengo la saksafoni unalisikia kila mahali. Kwa hiyo Present ndiyo albamu pekee ya studio ambayo hao wanne walirekodi pamoja baada ya 1976, na hakuna nyingine iliyofuata.

Nani anunue? Kama unapenda jazi na huogopi kelele, nunua, utaingia kwa urahisi kuliko mtu wa roki. Kama unapenda mashairi na Kiingereza chako kimekaa vizuri, nunua kwa ajili ya Every Bloody Emperor tu, hela yako imerudi. Kama unataka muziki wa kuweka nyuma huku unapika au unaendesha, acha, huu unadai ukae nao. Na kama hujawahi kuwasikia kabisa, usianze hapa. Anza na Godbluff ya 1975, ina nyimbo nne tu, albamu yenyewe ni fupi, na wote wanne wako kwenye nguvu zao. Ipe wiki moja. Ikikushika, ndipo uje kwenye Present, na baada yake Real Time, usikie nyimbo za Godbluff zikipigwa na watu walewale wakiwa na miaka thelathini zaidi mgongoni. Wiki ijayo, tukijaliwa, nitaichambua hiyo Real Time yote, CD zote mbili.