Uzoefu Wangu: Kuongeza Shinikizo la Turbo kwenye Forester Nikiwa Malindi

Gari langu ni Subaru Forester SG5 ya turbo, yenye injini ya EJ20 ambayo haijawahi kufunguliwa, na kwa muda wa miezi kumi na minne nimejaribu njia mbili za kuiongezea shinikizo la turbo (feni inayozungushwa na moshi wa eksosi ili kuisukumia injini hewa zaidi), ambalo mafundi wengi huliita busti. Njia ya kwanza, ya vali ya mkono, nimeiondoa. Ya pili, ya kurekebisha kompyuta ya injini kwa fundi wa hapa Malindi, ningali ninaitumia. Ninaandika kwa ajili ya mwenye gari aliye pwani, kwa sababu ushauri mwingi nilioupata ulitoka kwa watu wa Nairobi, na kwa jambo hili pwani si Nairobi.

Vali hiyo ni kifaa kidogo cha shaba chenye gololi na springi ndani yake. Hufungwa kwenye mpira mwembamba unaopeleka hewa ya turbo hadi kwenye kifaa kinachofungua westigeti, yaani kilango kinachoupitisha moshi wa eksosi pembeni ili turbo isizunguke kupita kiasi. Gololi huizuia hewa, kilango huchelewa kufunguka, na shinikizo hupanda. Nilifungiwa Nairobi mwezi wa Julai, ikarekebishwa hadi geji ikasoma bari 1.0 (bari ni kipimo cha shinikizo). Kule gari lilivuta vizuri sana, nami nikarudi nyumbani nimeridhika.

Jambo ambalo sikuelezwa ni hili. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,700, na hewa ya kule ina shinikizo la takriban bari 0.82, hapa Malindi ni takriban bari 1.01. Geji ya turbo husoma kile kilichoongezwa juu ya hewa ya mahali ulipo, na springi ya vali nayo haipimi zaidi ya hapo. Kwa hiyo bari 1.0 ileile ilikuwa jumla ya 1.82 Nairobi na 2.01 Malindi, maana yake injini ililishwa kwa shinikizo lililozidi kwa karibu asilimia 10 bila mtu yeyote kuigusa skrubu. Ni kweli kwamba joto la pwani huifanya hewa kuwa nyepesi kidogo, lakini joto hilohilo ndilo linaloleta noki.

Noki niliisikia mwezi wa Januari, kaskazi imekolea, nikipanda kilima kidogo nikiwa na abiria watatu: mlio mkavu kama punje za mahindi zinazotikiswa ndani ya sufuria. Noki ni petroli inayojilipua yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia, na pigo lake huweza kupasua kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Gari hili lilitengenezwa litumie petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vya nchi hiyo haipungui oktani 96 (kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili noki), na petroli ya kawaida tunayoinunua hapa haifiki huko. Tena intakula ya Forester, yaani kifaa kinachoipoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini, imelala juu ya injini yenyewe. Ukiwa kwenye mwendo, hewa ya tundu la boneti huipoza. Ukikwama nyuma ya tuktuk mjini, hubaki ikipikwa kutoka chini. Hewa inayotoka kwenye turbo kwa shinikizo hilo huwa na joto la zaidi ya nyuzi 100, na ikikuta intakula ya moto huingia kwenye silinda karibu vilevile ilivyo.

Niliondoa vali siku iliyofuata. Sisemi kwamba kifaa ni kibovu, bali kwamba hakimwambii dereva wala kompyuta kinachoendelea, na kwa injini ya kiwandani huo ni upungufu mkubwa.

Fundi niliyemwendea baadaye ni mtu mzima, na kabla ya kufungua kompyuta alinizuia kwa siku mbili. Alipima kampresheni, yaani uwezo wa kubana hewa, ya silinda zote nne, akapuliza moshi kwenye mipira ya hewa akakuta mmoja umepasuka chini ya klipu, akabadilisha plagi na kuziweka nafasi ya milimita 0.7. Nilipolalamika kwamba nimekuja kuongeza busti wala si kufanyiwa sevisi, alinijibu: "Mwanangu, ukiongezea shinikizo kitu kinachovuja, unaongeza uvujaji." Siku hizo mbili ndizo zilizonipa imani naye.

Kisha aliunganisha kompyuta kwa kebo, tukarekodi data kwa RomRaider, programu ya bure inayosoma kompyuta za Subaru. Hapo ndipo nilipoona kwa macho kile ambacho geji haionyeshi: jinsi kompyuta inavyorudisha nyuma muda wa kuwasha plagi kila inaposikia noki. Alifunga pia sensa ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini ikitembea kwa utulivu uwiano huwa karibu 14.7 kwa 1, lakini chini ya shinikizo kamili alitaka uwe kati ya 11 na 11.5, kwa kuwa petroli ya ziada huipoza silinda. Alipandisha shinikizo hatua kwa hatua kutoka bari 0.8, na kila hatua tulikwenda kuijaribu alasiri, wakati wa joto kali, kwenye barabara ya ndani ya shamba binafsi upande wa Gongoni kwa ruhusa ya mwenyewe. Tulipofika 1.0 rekodi ikaonyesha muda wa plagi unarudi nyuma. Akashuka hadi 0.95 na kukataa kabisa kwenda juu zaidi. Nilimshukuru kwa kukataa huko kuliko kwa nguvu zilizoongezeka.

Nguvu zenyewe huhisika zaidi kati ya mizunguko 3,000 na 5,000 ya injini kwa dakika, yaani pale unapolipita lori kwenye barabara ya Kilifi. Matumizi ya petroli katika mwendo wa kawaida hayakubadilika.

Lalamiko ninalo, nalo ni la kweli: hakunionya kuhusu klachi. Baada ya miezi mitatu ilianza kuteleza kwenye gia ya nne, mizunguko ikipanda na gari lisiongeze mwendo. Vilevile ilinibidi nimwombe mara mbili nakala ya faili la awali la kompyuta, jambo ambalo kila mteja anastahili kukabidhiwa bila kuomba. Klachi mpya nimeiagiza Mombasa, na hadi itakapofungwa nimemfanya arudishe shinikizo hadi bari 0.85.