Faiba yenyewe sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni ile simu

Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, hapa Tanga, na tawi dogo Muheza. Yote mawili yanatumia programu moja ya stoo: Muheza wakiuza bati, mimi huku naliona limetoka. Mtandao ukikata, kila upande unauza kwa kukisia na jioni hesabu hazipatani. Kwa hiyo nikisema nilikaa siku nne bila mtandao, nielewe.

Ilikuwa kipindi cha masika. Nafungua duka asubuhi, kile kiboksi cheupe cha faiba, yaani mtandao wa kebo, kina taa nyekundu, inawaka na kuzima, pale palipoandikwa LOS. Taa hiyo naijua: mwanga haufiki kutoka kwa kampuni ya mtandao. Nikatoka nje. Vijana waliokuwa wanachimba mtaro wa bomba la maji wamesimama kimya wanaangalia shimoni. Kebo nyeusi imepigwa sururu, nyuzi ziko nje.

Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaeleza yote. Yule kaka akaniambia nizime niwashe. Nikazima, nikawasha. Akasema nizime tena. Nikamwambia, "Kaka yangu, kebo imekatika, nimeiona kwa macho yangu." Akanijibu: "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu. Mwite kijana wako niongee naye."

Mwite kijana wako! Mkataba nimesaini mimi, bili nalipa mimi, na mtandao wa kila aina nimeupitia kwa pesa yangu.

Nilianza na laini ya simu. Asubuhi inakwenda vizuri, jioni watu wakirudi majumbani mnara mmoja tunaugombania mtaa mzima, na bando linaisha katikati ya hesabu. Nikahamia dishi la juu ya paa, lile linaloangaliana na mnara. Hilo nililipenda, maana hakuna sururu ya kukata hewa. Lakini dishi lazima limwone mwenzake. Jirani alipopandisha ghorofa ikabidi tuhamishe nguzo, na mvua kubwa ikishuka kasi inashuka nayo. Shemeji yangu, yuko kwenye shamba la mkonge, alikuwa na mtandao wa setilaiti ya zamani. Chombo kiko juu karibu kilomita 36,000, kwa hiyo ukiongea naye mnapandiana maneno: unamaliza sentensi, unangoja, unadhani hajasikia, unarudia, naye ndiyo anajibu ile ya kwanza. Hapo fundi hana la kurekebisha, ni umbali.

Faiba ni mwanga ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mvua haiupunguzi, radi haiuingilii. Kwa kazi ya kuunganisha maduka mawili sijaona mfano wake. Na wanaosema bora laini kwa sababu haina waya, wakumbuke Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zinazoleta intaneti kupitia chini ya bahari, zilipokatika. Wenye laini walikwama pamoja na sisi, kwa sababu mnara nao, ukifuata nyuma yake, unategemea nyaya zilezile.

Siku ya nne akaja fundi, mtu mzima, na begi lake. Akasalimia, akaomba ndoo, akaigeuza akakaa pembeni ya mtaro. Akaumenya uzi kwa koleo dogo, akaufuta kwa spiriti, akaukata ncha, akaulaza kwenye kimashine chenye kioo. Akaniita nione: nyuzi mbili zimekuzwa kama mabomba mawili yanayotazamana. Cheche moja, zikawa kitu kimoja. "Upotevu ni 0.02 tu," akasema, "hapa mwanga haupotei." Nilimuuliza maswali mengi, akajibu yote, wala hakuuliza kijana wangu yuko wapi. Niliingia ndani nikakuta taa ya kijani, na kusema kweli machozi yalinilenga. Nikamletea chai na kaimati.

Siku hiyo ningewapa nyota tano. Nilikuwa nimeshaanza kuandika.

Kisha bili ikaja, ya mwezi mzima, hata siku moja haikupunguzwa. Nikapiga simu, naambiwa kebo haikukatwa na wao. Sawa, sururu si yao. Je, siku nne za kumleta mtu wa kazi ya nusu saa ni za nani? Nyota nikafuta.

Kama una matawi, weka faiba, lakini weka na rauta inayopokea laini ya simu, faiba ikifa laini ishike papo hapo. Mimi nimeweka sasa, nimechelewa. Na kabla ya kulipia uliza kebo inapita wapi. Ya kwangu imelazwa chini kidogo tu ya udongo, ndiyo maana sururu moja iliifikia.

Mkataba unakaribia kwisha. Niliapa sisaini tena. Lakini asubuhi hii Muheza wameuza mabati, na nimekaa hapa nayaona yakipungua moja moja, bila kukatika hata mara moja, na moyo unayumba. Labda nitasaini. Kwanza nataka siku zangu nne zitolewe kwenye bili, na yule kaka anipigie aniombe radhi, mimi mwenyewe.