PEPMIS: mfumo umenyooka, malengo ndiyo yanayopinda

Aliyezoea fomu za OPRAS, zile za karatasi za kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, zilizoingia 2004 kuchukua nafasi ya tathmini za siri, ataona nafuu upesi: PEPMIS, mfumo wa kompyuta unaofanya kazi hiyo sasa, haina karatasi za kukimbizana nazo kutafuta saini mwezi Juni. Mtumishi anaingia kwa akaunti yake, anaandika majukumu ya mwaka wa fedha, msimamizi anayaidhinisha, na utekelezaji unajazwa humo humo kazi ikiendelea.

Tatizo ni kinachoandikwa. “Kuboresha huduma kwa wateja” ni sentensi tamu, lakini alama zitatoka wapi? Andika: “Kujibu barua za wateja ndani ya siku 3 za kazi, angalau 9 katika kila 10.” Ushahidi ni rejesta ya barua. Usiweke “barua 40 kwa mwezi”, maana idadi ya barua zinazoingia haiko mikononi mwako. Vivyo hivyo lengo linalosubiri fedha ambazo bajeti haikutenga.

Malengo makuu 4 au 5 yanatosha. Ukiweka 15, utashinda unajaza mfumo. Na msimamizi anayeidhinisha yote kwa mkupuo bila kusoma? Huyo hakuna programu itakayomsaidia.