Vifaa vya kusafisha moshi katika pikapu za dizeli: tathmini ya EGR, chujio la masizi na mfumo wa yurea

Wamiliki wengi wa pikapu za dizeli hulalamika kwamba vifaa vya kusafisha moshi vimezifanya injini zilizosifika kwa kubana mafuta ziwe za kuyala. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo unahusu kipindi fulani na kifaa fulani. Mnunuzi anayelibeba zima zima anaweza kukikwepa kifaa kinachompunguzia gharama na kukipokea bila swali kile kinachomwongezea. Tathmini hii inavipima vifaa vitatu, yaani EGR inayorudisha moshi ndani ya injini, chujio la masizi ambalo mafundi huliita DPF, na mfumo wa yurea unaonyunyiza maji maalumu kwenye ekzosi, kwa kuangalia kila kimoja kinayafanyia nini mafuta yaliyomo kwenye tangi.

EGR ndiyo ninayoipa alama za chini. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili joto la mwako lishuke, kwa kuwa oksidi za nitrojeni, ambazo ni gesi chafu, hutengenezwa kwa wingi mwako unapokuwa mkali. Tatizo ni kwamba mwako huo mkali ndio pia unaoiwezesha dizeli kupata kazi kubwa kutokana na mafuta machache. Joto likishushwa, masizi huongezeka. Masizi yakiongezeka, chujio lililo mbele yake kwenye bomba la ekzosi hujaa upesi. Na chujio likijaa, injini hulazimika kuchoma mafuta ya ziada ili kulisafisha. Kifaa kimoja kinakizidishia kingine mzigo, na dereva ndiye anayelipa pande zote mbili.

Mzunguko huo ndio uliozipa sifa mbaya pikapu kubwa za Marekani zilizotengenezwa kati ya 2007 na 2010. Kanuni za huko zilikaza kiwango cha masizi kuanzia 2007, baada ya dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni kuanza kuuzwa mwaka uliotangulia, na watengenezaji wengi wakategemea EGR na DPF bila yurea. Injini ya Ford ya lita 6.4 ilisafisha chujio kwa kunyunyiza dizeli ndani ya silinda wakati mwako umekwisha, ili mafuta hayo yaende kuungua kwenye ekzosi. Sehemu ya dizeli hiyo iliteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, na oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza uzito wake wa kulinda vyuma. General Motors ilichukua njia ninayoiona bora zaidi kwenye Duramax ya lita 6.6 ya 2011: iliweka nozeli ya pekee kwenye bomba la ekzosi, hivyo mafuta ya kusafishia chujio hayapiti kabisa kwenye silinda.

Chujio lenyewe nalipa alama nzuri, tena bila kusita. Ni tofali la kauri lenye vijia vyembamba vilivyozibwa kwa kupokezana, ili moshi ulazimike kupenya kwenye kuta na kuyaacha masizi nyuma. Gari likivuta tela au likienda mwendo mrefu, ekzosi hupata joto la kutosha na masizi huungua taratibu yenyewe. Joto lisipotosha, kompyuta huongeza mafuta hadi ndani ya chujio mfike nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Hapo ndipo ulaji wa mafuta unapopanda, na ndipo matumizi ya mwenye gari yanapoamua kila kitu. Pikapu inayotumika kwa safari fupi fupi za kuwasha na kuzima huanza usafishaji, hukatizwa, na huanza tena upya. Mafuta huchomwa mara nyingi bila kazi kukamilika. Kwa mtu wa safari za namna hiyo, siipendekezi pikapu ya dizeli hata kidogo, na ningemwambia hivyo uso kwa uso.

Hata hivyo, si haki kumtupia dereva lawama zote. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba mfumo wa DPF katika Toyota Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kuanzia Oktoba 2015 hadi Aprili 2020 ulikuwa na kasoro ya usanifu, kwa kuwa haukumudu mwendo wa kasi wa barabara kuu wa muda mrefu. Mwendo huo ndio ambao kila fundi huwashauri wenye pikapu wauendeshe ili chujio lisafike. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mnunuzi achunguze historia ya injini anayoitaka, asitosheke na ushauri wa jumla.

Kosa ambalo watengenezaji wengi bado hawajalirekebisha ni kuficha taarifa. Dashibodi huonyesha joto la hewa ya nje na wimbo unaopigwa redioni, lakini katika pikapu nyingi haionyeshi chujio limejaa kiasi gani wala kwamba usafishaji unaendelea, mpaka taa ya onyo iwake. Dereva anabaki kusoma dalili: mzunguko wa injini umepanda gari likiwa limesimama, feni inanguruma bila sababu, kipimo cha mafuta kinaonyesha ulaji usio wa kawaida, na harufu ya joto inatoka chini ya gari. Anayeziona dalili hizo na akaongeza mwendo kidogo kabla ya kuzima injini ameokoa mafuta. Wangeambiwa waziwazi, wengi wangefanya hivyo.

Mfumo wa yurea ndio unaochukiwa zaidi, nami naushika mkono. Maji yenye yurea asilimia 32.5, yanayouzwa kwa majina kama AdBlue, hunyunyizwa kwenye ekzosi yenye joto, hugeuka amonia, na amonia hiyo kwenye kichocheo hubadili oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Kwa kuwa uchafu huo unashughulikiwa nje ya silinda, injini inaweza kuachiwa mwako mkali na EGR ikapunguzwa kazi. Kinachotumika ni takriban asilimia 2 hadi 5 ya ujazo wa dizeli, nacho hulipwa kwa mafuta yanayookolewa. Kasoro zake ni za kweli: sensa na pampu huharibika, chumvi huganda kwenye nozeli, na maji hayo yakiisha kompyuta hupunguza mwendo wa gari au hukataa kuliwasha tena. Lakini Chevrolet Silverado 1500 ya 2020 yenye injini ya lita 3.0, ikiwa na vifaa vyote vitatu, ilipewa kipimo rasmi cha maili 33 kwa galoni barabara kuu kwa toleo la magurudumu mawili ya kuvuta, yaani karibu kilomita 14 kwa lita. Kwa gari la ukubwa huo, hicho ni kiwango cha kuheshimika.

Vipimo vizuri vya karatasini navyo vihojiwe. Mwezi Desemba 2023 ilitangazwa kwamba Cummins imekubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kufuatia madai kwamba mamia ya maelfu ya injini za Ram 2500 na 3500 zilikuwa na programu za kukwepa udhibiti wa moshi. Ulaji mdogo unaopatikana kwa kulegeza usafishaji sihesabu kuwa sifa ya gari.

Kwa hoja hiyohiyo siungi mkono kung'oa chujio na kuizima EGR kwa programu. Ni kweli kwamba mafuta ya kusafishia chujio huokolewa na ekzosi hupumua kwa wepesi, lakini moshi wa dizeli umetajwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu 2012, kuwa unasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2020 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeng'olewa vifaa hivyo katika muda wa miaka kumi hivi. Watoto wanaosimama kando ya barabara hawakushirikishwa katika uamuzi huo.

Anayenunua pikapu iliyotumika aanze na bomba la nyuma: apitishe kitambaa cheupe ndani yake injini ikiwa imepoa. Chujio zima huliacha bomba likiwa na vumbi jepesi la kijivu, na masizi meusi mazito ni dalili kwamba chujio limepasuka au halipo. Kisha aangalie oili kama imepita alama ya juu, na aulize ni oili gani iliyokuwa ikiwekwa, kwa sababu majivu yanayotokana na oili isiyofaa hayaungui kwa joto lolote la usafishaji. Hukaa ndani ya chujio mpaka lifunguliwe.