Kununua apatimenti yenye teresi Mombasa: angalia maji kwanza, bahari baadaye

Usiku wa manane, mwezi wa tano, masika imekaza, nikasikia mlango unagongwa. Kufungua, ni mama wa ghorofa ya chini yangu, kajitanda leso kichwani, ananiambia dada nisamehe kwa saa hizi lakini maji yako yanamwagikia mwanangu kitandani. Nikateremka nae. Dari ya chumba cha mtoto imevimba na kubadilika rangi, maji yanachuruzika kupitia tundu la taa, kitanda kimesukumwa ukutani na ndoo mbili zimewekwa katikati. Na yote hayo yanatoka kwenye teresi yangu, ile teresi ya Nyali ambayo niliipenda dakika ya kwanza tu nilipoiona, magharibi inaingia, upepo wa bahari, nikaona kabisa mkeka umetandikwa na watoto wanafuturu nje. Nimetoa pesa ya miaka kumi na saba ya kazi kwa ile teresi.

Kwa hivyo huu mwongozo sitaongea habari za lifti, genereta, bwawa la kuogelea wala jiko la kisasa. Hayo broka atakuonyesha mwenyewe bila kuulizwa. Mie nataka uulize kitu kimoja ambacho sikuuliza na sijaona mtu akiuliza: maji ya hiyo teresi yanaenda wapi?

Kwanza jueni teresi si roshani. Roshani inaning'inia nje, chini yake kuna roshani ya jirani au hewa tu, ikivuja inavuja nje. Teresi imekaa juu ya chumba cha mtu. Ni paa ambalo watu wanatembea juu yake, wanaweka viti, mitungi ya maua, wanaosha kila wiki, na jua la Mombasa linaichoma kutwa halafu mvua inaipiga ghafla. Taili pekee haizuii maji hata siku moja, yanapita kwenye viungo vya grauti, ile simiti ya kujazia kati ya taili, yanashuka chini. Kinachozuia ni ile tabaka ya kuzuia maji chini ya taili, na hiyo huioni, ndio maana ndiyo inayoibiwa wakati wa ujenzi.

Sasa ukienda kuangalia nyumba nenda na chupa ya maji ya lita tano, usione haya. Mwaga katikati ya teresi, simama uangalie. Sakafu inatakiwa ishuke sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, na ukiona maji yamesimama kama dimbwi au mabaya zaidi yanarudi mlangoni, basi hapo hata wakupunguzie milioni ondoka. Yangu yalikuwa yanarudi mlangoni. Hesabu matundu, yawe mawili au zaidi, manake moja likizibwa na majani ya mwarobaini teresi nzima inakuwa birika. Sakafu ya sebuleni iwe juu kuliko ya teresi, kuwe na kizingiti pale mlangoni, hawa wajenzi wa sasa wanapenda iwe sawa ati inapendeza kwa picha. Na ile tabaka lazima ipande ukutani sentimita 15 hivi juu ya taili, isiishie sakafuni. Kama jengo bado halijawekwa taili omba wazibe matundu, wajaze maji inchi mbili, yakae saa 24 mpaka 48, kisha wewe usikae juu kutazama maji, shuka chini utazame dari.

Kuhusu dawa yenyewe ya kuzuia maji mie sifichi, ni Sika tu. Ni kampuni ya Uswizi, ipo tangu 1910, na bidhaa zake zinauzwa hapa kwetu. Kwa teresi ya kutembea juu nataka Sikalastic, ile ya kupaka inayovutika kama mpira, na kwenye matangi na vyoo SikaTop Seal-107 ile ya simiti. Kuna wanaosema lami ya shiti, ile ya kuchoma na gesi, ni nzuri vilevile na bei yake ni nafuu, inategemea fundi anavyounga pale shiti zinapokutana, na mie fundi wangu wa kwanza alikuja na lami hiyo akaichoma nusu siku akaondoka na mvua ya kwanza tukarudi palepale. Mwambie muuzaji akuonyeshe risiti ya dawa iliyonunuliwa na jina la aliyeipaka. Akisema "madam, jengo lote limepigwa wotapruufu" bila karatasi, hajajibu.

Halafu upepo. Mtu wa Mombasa anajua kusi na kaskazi lakini akinunua nyumba anasahau. Kusi inaanza kuvuma kama Aprili mpaka Septemba hivi, inatoka kusini mashariki, na ndiyo inayokuja na masika, Mei ikiwa mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Teresi inayotazama huko mvua haiishukii, inaipiga kwa ubavu, inaingia chini ya milango ya kioo. Na ule mvuke wa chumvi unakula vyuma: kama reli za teresi ni stenlesi uliza ni aina ya 316 au 304, kwa ufuoni taka 316, ile 304 inaanza kutoa madoa ya kutu mapema. Ukiona kutu inachungulia kwenye slabu yenyewe hiyo ni nondo za ndani, kutu inavimba inapasua zege, hapo hakuna dawa ya kupaka itakayokusaidia.

Sasa mpango wangu wa maeneo, na najua watu watanikasirikia.

Namba moja naweka Tudor, upande unaotazama mkondo wa bahari. Ndiyo, Tudor. Mtaa unabadilika mbele ya macho yetu, pale Buxton zile nyumba za zamani za baraza la mji zimebomolewa yamesimama maghorofa, na huku ndani nyumba za wazee zenye miembe zinauzwa moja moja. Kuna watu wanaumia kwa hilo na mie nawaelewa, shangazi yangu alizaliwa huko. Lakini kwa teresi, mkondo uko nyuma ya kisiwa, kusi inakufikia imeshapungua nguvu, chumvi si kali kama ya bahari wazi, na mjini unafika bila kuvuka daraja lolote.

Namba mbili Kizingo. Kutulivu, kuna miti, na tangu bustani ya ufuoni ya Mama Ngina itengenezwe 2019 jioni unashuka na watoto kula muhogo na madafu. Ila kuko mdomoni mwa bahari, kusi inapiga moja kwa moja, kwa hiyo teresi ya Kizingo nunua ikiwa inatazama ndani tu au ina paa la kuifunika nusu. Bei zake sizisemi.

Nyali namba tatu, na ndiko ninakoishi. Daraja la kuvukia kisiwani tunalo tangu 1980 na foleni yake kila mtu anaijua. Tatizo langu kubwa zaidi ya foleni ni stara. Nilipouziwa niliambiwa teresi ya faragha, pembeni kulikuwa na banglo ya zamani na mnazi. Banglo imeuzwa, sasa kuna jengo refu madirisha yote yananitazama, siwezi kukaa nje bila buibui kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kabla hujanunua mtaa huu tazama viwanja vinavyokuzunguka, kila banglo ya zamani ihesabu ni ghorofa.

Bamburi na Mtwapa bei ni nafuu, teresi nyingi nilizoona huko zimepigwa taili juu ya zege tupu. Sina zaidi.

Karatasi nayo. Kwa sheria ya 2020 (Sectional Properties Act) kila apatimenti inaweza kuwa na hati yake, na kuna ramani inaonyesha mpaka wa kila nyumba, nje ya mpaka huo ni mali ya wote. Mpe wakili aangalie teresi iko ndani ya mpaka wako au umepewa haki ya kuitumia tu, manake hapo ndipo panapoamua nani analipa ikivuja. Mie ramani niliiona baada ya mafuriko. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini, nyumba ya milioni 20 ni laki nane taslimu, uziweke kando mapema.

Na kuna kitu kinaniuma. Wanakuuzia kila futi ya teresi kwa bei ileile ya futi ya chumba cha kulala, wengine wanataja bei kwa dola, Mombasa hii, kwa mtu anayelipwa shilingi, halafu ikivuja unaambiwa teresi ni "eneo la nje" haimo kwenye dhamana. Siku ya kuuza ilikuwa nyumba, siku ya kuvuja imekuwa nje! Mjenzi wangu nimemwandikia barua tatu. Ofisini kwao kijana anapokea vizuri, shikamoo mama, karibu ukae, na hakuna kinachofanyika.

Taili zangu zinang'olewa mwisho wa Agosti mvua zikiwa zimepungua, tunaweka mteremko upya, matundu mawili, Sikalastic mpaka ukutani. Siku ya kujaza maji nimemuomba mama wa chini ndiye aamue kama kazi imeisha, manake dari anaiona yeye.