Alkoholi isiyo pombe: chengachenga za setearili kwa krimu ya mikono

Mama aliliona neno "alkoholi" kwenye pakiti, akanirudishia mkononi. "Mwanangu, mimi sijipaki pombe nikaenda kuswali." Nikamfungulia anuse. Hakuna harufu ya pombe wala ya spiriti. Ni chengachenga nyeupe. Ukizifikicha vidoleni zinateleza kama mshumaa. Akakubali nimpake kisiginoni kwanza.

Setearili ni mchanganyiko wa alkoholi mbili za mafuta, setili na stearili, na nyingi hutokana na mawese. Jina "alkoholi" ni la kikemia tu: hailevi, hairuki hewani, wala haikaushi ngozi kama spiriti. Zamani setili ilitoka kwenye mafuta ya kichwa cha nyangumi. Alhamdulillahi siku hizi tunayo ya mimea.

Nilinunua nusu kilo kwenye duka moja la malighafi Kariakoo, nikarudi nayo Tanga. Wateja wangu wengi ni mama lishe. Mikono yao imepauka kwa sabuni ya unga na moto. Nikiwapa mafuta ya nazi matupu wanalalamika kwamba hata kushika sufuria hawawezi. Krimu yenye setearili inaingia mara moja, na mkono unabaki laini bila kuteleza. Hilo ndilo nililolitafuta miaka yote.

Ila pima! Mara ya kwanza nilitia gramu 10 kwenye krimu ya gramu 100. Ikawa nzito, na ukijipaka inaacha michirizi myeupe kama povu la sabuni. Sasa natia gramu 4, kwa mizani, maana chengachenga ni nyepesi na kijiko kinadanganya. Naziyeyusha pamoja na mafuta ya nazi hadi nyuzi 70, maji nayo yawe na joto hilohilo, kisha nakoroga mpaka ipoe. Usiitegemee peke yake kuunganisha maji na mafuta. Kopo nililolitengeneza bila nta ya kuunganishia lilijitenga kabla wiki haijaisha, maji chini, mafuta juu.

Kinachonikera ni pakiti. Haisemi kama ni mawese au nazi, wala yametoka nchi gani. Nilipouliza nikajibiwa, "Zote sawa tu, dada." Kwangu si sawa, kwa sababu kuna misitu inayofyekwa ili ipandwe michikichi, na mteja akiniuliza sina la kumjibu. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku lebo itakapotaja asili yake.