Uzoefu wangu wa kusomea uzamili wa uuguzi wa dharura: mlichonifundisha darasani mkaninyima wodini

Ada, vigezo vya kujiunga na tarehe za kuomba mtazikuta kwenye fomu. Mimi nina jambo moja, na jambo lenyewe ni pumzi 32.

Nimefanya kazi hospitali ya wilaya miaka mingi kabla ya kupata ruhusa ya masomo. Watoto nikawaacha kwa mama, nikachukua mkopo, nikaenda. Na nilikwenda kwa moyo wote. Mnaofanya kazi mapokezi usiku mnajua ninachosema: bodaboda inashushwa na watu wanne, kila mmoja anapiga kelele, dokta yuko thieta, na wewe uko peke yako na mtungi wa oksijeni ambao hujui umebaki kiasi gani. Nilichoka kukimbia bila kujua naanzia wapi.

Darasani sina lawama hata kidogo. Mwalimu wetu wa triaji, yaani kupanga nani aonwe kwanza, mama mtu mzima, siku ya kwanza alituwekea mafaili mezani akatuambia tutazame sehemu ya upumuaji, pumzi kwa dakika. Mwenye pumu, 20. Mwenye malaria, 20. Aliyefariki saa moja baadaye, 20. Akauliza, "Nani kati yenu amewahi kuandika 20 bila kuhesabu?" Hakuna aliyenyoosha mkono na hakuna aliyebisha. Tangu siku ile nahesabu dakika nzima, macho kwenye kifua, saa mkononi. Upumuaji hubadilika mapema, presha ikiwa bado inakudanganya. Kwa hilo moja tu, yule mama nitamheshimu mpaka nife.

Sasa njooni mazoezini, hospitali tuliyopelekwa. Jina lake silitaji.

Nilikuwa meza ya triaji na msimamizi wetu, muuguzi mwenzetu, mtu wa cheo. Ilikuwa asubuhi, baada ya mvua kubwa, benchi limejaa hadi nje. Akaingia dada kijana ameshikwa mkono na mumewe, tumbo linamuuma tangu usiku. Presha 112, mapigo 124, joto la kawaida, anaongea vizuri. Msimamizi akaandika upumuaji 20 bila hata kumtazama. Kwa mfumo wa rangi wa Afrika Kusini tuliokuwa tukiutumia, ambao kila kipimo kina alama zake na jumla ndiyo inayotoa rangi, hizo ni alama 4, rangi ya njano, anaweza kusubiri hadi saa moja. Akapelekwa benchi.

Mimi nikahesabu. Dakika nzima. 32.

Pumzi 32 peke yake ni alama 3 badala ya 1, jumla inakuwa 6, na 6 ni chungwa: aonwe ndani ya dakika 10. Nikamfuata msimamizi, nikamwambia kwa sauti ya chini na kwa heshima, "Samahani mkuu, nimehesabu tena, ni 32." Naye akanijibu kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, mbele ya wagonjwa, mbele ya mume wa yule dada: "Sista, umekuja kujifunza au umekuja kutukosoa? Shahada zenu hizo mziache getini."

Nilitetemeka. Nikarudi, nikakaa karibu na yule dada, nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi na kiganja kimelowa jasho. Nikamwita daktari mwenyewe. Alichelewa, alikuwa na mgonjwa mwingine. Kabla hajafika yule dada akateleza kutoka kwenye benchi, kimya kimya, kama kanga inavyoanguka kutoka kwenye kamba. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na imepasuka, damu imejaa tumboni. Alipelekwa thieta mbio, akapona. Namshukuru Mungu kwamba alipona, maana kama asingepona sijui leo ningekuwa naandika nini.

Mnadhani yule bwana msimamizi aliniomba radhi? Aligoma kusaini ukurasa wangu wa triaji kwenye kitabu cha mazoezi. Sababu aliyoandika: "Hana nidhamu." Nikaenda kwa mratibu wa kozi na kitabu mkononi, nikamweleza tangu mwanzo. Akasikiliza, akafunga kitabu, akaniambia, "Dada yangu, mvumilivu hula mbivu."

Mbivu gani? Mtu alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani! Ninyi wa chuo, kozi nzima mmetufundisha kwamba aliye chini akiona hatari aseme, na aliye juu asikilize. Mmetuwekea hata swali lake kwenye mtihani, na nililijibu vizuri. Nikalifanya kweli, mkaniadhibu. Nikarudia mazoezi ya triaji hospitali nyingine, wiki nne, kodi ya chumba kutoka mfukoni mwangu, wenzangu wakiwa wameshamaliza.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msiende. Mnisamehe, siwezi, maana kuna la majuzi. Zamu ya usiku hapa kwetu aliletwa dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori, nyonga imelegea, mweupe kama karatasi. Zamani tungembeba, tumgeuze huku na huku, tutafute dripu. Safari hii nilijua naanzia wapi: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu. Nikafunga nyonga kwa shuka, usawa wa ile mifupa ya mapaja inayochomoza pembeni na siyo juu kiunoni kama tulivyozoea. Dokta wa zamu akaandika tranexamic acid, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1, nikaichoma taratibu kwa dakika 10, na zile saa 3 tangu ajali za mwisho wa kuianza zilikuwa hazijapita. Akasafirishwa rufaa akiwa hai. Vijana wangu wawili wa zamu walikuwa wananitazama mikono. Wiki iliyofuata nilimkuta mmoja amesimama kando ya kitanda, saa mkononi, anahesabu.

Kwa hiyo nendeni. Lakini nikisema nendeni, namwona yule bwana kwenye meza ile, benchi limejaa, anaandika 20, 20, 20, na mwanafunzi mwingine amesimama pembeni anaogopa kufungua mdomo. Hapo nasema hapana, msitoe hata senti.

Basi fanyeni hivi. Kabla hamjalipa, ulizeni mtapelekwa hospitali gani kwa mazoezi na nani anasaini kitabu. Ulizeni pia msimamizi akikataa kusaini mnakwenda kwa nani, na mtake jibu la maandishi. Mkijibiwa kwa methali, ondokeni.

Na ile ya kufunga nyonga kwa shuka, muuguzi yeyote wa wilaya yetu anayetaka nimwonyeshe aje wodini kwangu. Hata usiku, nipo.